Kwa nini Colt ndogo ya mfukoni ya 1849 iliuzwa kuliko rivolva zote za fataki?

Kasiba ameandika:

Habari zenu wanajamvi. Kuna jambo kuhusu rivolva za mfukoni za enzi ya fataki (vikofia vidogo vya kuwasha baruti, kabla ya risasi za ganda) ambalo sijalipatia maelezo ya kuniridhisha, nami naomba wajuzi walijadili. Kiwanda cha Samuel Colt huko Hartford, jimbo la Connecticut, kilitengeneza aina kadhaa za bastola kati ya miaka ya 1850 na mwanzoni mwa miaka ya 1870. Miongoni mwazo, ile ndogo ya 1849 ilikuwa karibu na mkiani kwa nguvu: mtutu wake una kipenyo cha inchi 0.31, risasi yake ya duara ina uzito wa gramu tatu na kidogo, na chemba zake hazimezi hata gramu moja ya baruti. Hata hivyo, Hartford pekee ilitoa zaidi ya 300,000, na kiwanda cha Colt cha London kikaongeza takriban 11,000. Ile ya Navy ya 1851, ambayo kila mtu huisifu, ilizidi 200,000 kidogo tu pale Hartford.

Dai langu ni kwamba wanunuzi wa wakati ule hawakutafuta nguvu, walitafuta udogo. Anayepinga na aseme.

Mwalimu_wa_Zamu ameandika:

Ahsante kwa uzi. Sikupingi moja kwa moja, lakini unaanza hadithi katikati. Udogo haukuanza 1849. Colt alipata hataza yake ya Marekani tarehe 25 Februari 1836, na kampuni yake ya kwanza, iliyokuwa Paterson, New Jersey, ilitengeneza bastola ndogo za kipenyo cha inchi 0.28, zenye kifyatulio kinachojificha ndani ya fremu mpaka utege nyundo. Zilikuwa ndogo kuliko hii ya 1849, na bado kampuni ilikufa mwaka 1842. Kama udogo peke yake ungetosha, Paterson isingefilisika.

Kilichobadilika baadaye ni wateja. Dhahabu ilionekana California Januari 1848, na katika muda mfupi maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea mahali ambako hapakuwa na polisi wala hakimu wa kutegemewa. Mtu wa aina hiyo hana haja ya Walker, Colt kubwa ya 1847 yenye kilo mbili, ambayo ilibuniwa ibebwe kwenye tandiko la farasi. Anataka kitu kinachoingia ndani ya koti.

Fundi_Saa ameandika:

Kwa wasiozijua, nieleze kidogo namna zinavyofanya kazi, maana naona mjadala utaelea bila hilo.

Unatega nyundo nusu ili silinda izunguke bila kizuizi. Unamimina baruti katika kila chemba, unaweka risasi ya duara mdomoni mwa chemba, kisha unaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Risasi hiyo ni kubwa kidogo kuliko chemba kwa makusudi, hivyo inapoingia hukatwa pembeni na kuacha pete nyembamba ya madini, na pete hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba chemba imezibika sawasawa. Mwisho unavisha fataki, vikofia vidogo vya shaba vyenye fulmineti ya zebaki, kwenye chuchu zilizo nyuma ya silinda. Ukitega nyundo hadi mwisho, ukucha mdogo ndani ya fremu husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda na kuizungusha chemba moja mbele, na kidude kingine hutokeza chini na kuikaza pale pale. Kitendo hicho cha kuzungusha silinda kwa kutega nyundo ndicho kiini cha hataza ya Colt.

Kinachonivutia mimi ni kwamba Colt zile hazina daraja juu ya silinda. Mtutu umeshikwa na mhimili uliopita katikati ya silinda, na kabari moja ya chuma inayopenya pembeni ndiyo inayokaza kila kitu. Ukiigonga kabari ikaingia mno, silinda inakwama. Ukiiacha ilegee, mwanya kati ya silinda na mtutu unapanuka na moto unatokea pembeni. Bastola nzima inategemea kipande cha chuma kisichozidi kidole.

Chatu ameandika:

Fundi, ndiyo maana saa yangu uliyoirekebisha inakwenda mbele dakika kumi kwa siku. Umeigonga kabari mno.

Fundi_Saa ameandika:

Saa yako haina kabari, Chatu, na hilo ndilo tatizo lake. Turudi kwenye uzi.

Mlowezi_PA ameandika:

Salamu kutoka Pennsylvania. Hapa nilipo kuna klabu ya walengaji wanaotumia nakala mpya za bastola hizi, nyingi zikitoka Italia, eneo la Gardone Val Trompia, nami ninayo nakala ya 1849. Napenda kuongeza jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni moto kuruka kutoka chemba moja hadi nyingine. Unafyatua moja, na ya jirani inalipuka bila kuombwa.

Wengi husema moto hupita mbele, pale ambapo risasi haikuziba chemba vizuri, na ndiyo maana watu hupaka shahamu juu ya risasi. Mimi naamini hupita nyuma. Nilikuwa natumia fataki pana, nikizibana kwa vidole ziwe na umbo la yai ili zishike kwenye chuchu, na siku moja chemba mbili zililipuka pamoja. Tangu nilipobadili fataki na kununua zinazobana zenyewe, pamoja na risasi kubwa kidogo, jambo hilo halijatokea tena.

Fundi_Saa ameandika:

@Mlowezi_PA, kaka, umebadili fataki na risasi kwa wakati mmoja. Sasa umetibu mbele na nyuma kwa pamoja, halafu unatuambia ugonjwa ulikuwa nyuma. Jaribio hilo halina hukumu.

Mlowezi_PA ameandika:

Karibu uje ulifanye upya, mimi nitasimama mbali. Hata hivyo kumbuka kwamba Colt mwenyewe, katika hataza ya 1836, alidai kuta zinazotenganisha chuchu moja na nyingine. Mtu hajengi kuta nyuma ya silinda kama haogopi moto wa nyuma.

Kasiba ameandika:

Hoja ya kuta ni nzito, lakini hataza huandikwa ili kuziba njia ya washindani pia, siyo kwa ajili ya hofu tu. Naomba tusiliache swali la mauzo.

Binti_Mvita ameandika:

Habari za jioni. Ninaishi Leeds, na hapa jirani kuna makumbusho ya Royal Armouries ambako bastola hizi zimewekwa nyuma ya kioo. Mwaka jana nilipata bahati ya kushika moja ya mtu binafsi, iliyotengenezwa London, yenye alama za ukaguzi za Kiingereza kwenye mtutu na silinda. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mchoro ulioviringishwa kuzunguka silinda: gari la abiria la kukokotwa na farasi limevamiwa na majambazi, naye abiria anawajibu kwa bastola. Upande mmoja farasi walionekana hadi hatamu zao, upande wa pili chuma kilikuwa kimelainika kabisa kwa kusuguana na kitambaa cha mfukoni. Wakusanyaji hukadiria thamani kwa kuangalia ni kiasi gani cha mchoro huo kimebaki.

Mchoraji wa sahani yake alikuwa W. L. Ormsby, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kuchonga noti za benki. Kwa hiyo nakuja na maelezo yangu: bastola hii iliuzwa kwa sababu ilikuwa nzuri na ilijitangaza yenyewe. Mnunuzi aliyeitoa mfukoni alikuwa ameshika tangazo la kazi yake. Hapakuwa na haja ya kumweleza inatumika wapi.

Mwalimu_wa_Zamu ameandika:

Dada yangu, hapo umesema nusu. Kumchukua mchonga noti hakukuwa kwa ajili ya urembo peke yake. Noti huchongwa kwa ufundi mgumu ili isighushiwe, na Colt alikuwa na vita na waigaji maisha yake yote. Mchoro ule ulikuwa alama ya kuthibitisha kwamba bidhaa ni yake.

Mwana_Lubumbashi ameandika:

Jambo wote. Mimi naandika kutoka Liège, Ubelgiji, mji ambao waigaji hao unaowasema walikuwa wamejaa kila kichochoro, mwalimu. Hapa bunduki haikutengenezwa katika kiwanda kimoja. Mtu mmoja alichonga mitutu nyumbani kwake, mwingine mipini, mwingine vifyatulio, na mfanyabiashara aliyakusanya yote na kuyapeleka kwenye nyumba ya ukaguzi, ambayo ipo tangu 1672. Colt alipoona hawezi kuwazuia wote, aliwapa baadhi yao ruhusa kwa malipo, na kazi zao zilipigwa muhuri wa kuonyesha kwamba zimeruhusiwa. Ukikuta Colt ndogo yenye alama ya umbo la yai na herufi ELG, yaani muhuri wa ukaguzi wa Liège, usiitupe, lakini usimlipe muuzaji bei ya Hartford.

Hoja yangu kuhusu mauzo ni sheria, wala siyo udogo. Marekani, hataza ya Colt iliongezwa muda hadi 1857, na mwaka 1851 huko Boston aliishinda mahakamani Massachusetts Arms Company iliyokuwa ikitengeneza rivolva za kushindana naye. Aliuza sana kwa sababu aliuza peke yake.

Daktari_Mstaafu ameandika:

Nimefuatilia kimya kimya. Naona nyote mmekubali maneno ya Kasiba kwamba bastola hii ilikuwa dhaifu, nami sikubali. Dhaifu kwa nani? Joseph Lister alichapisha kazi yake kuhusu kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867. Kabla ya hapo, risasi ndogo ya inchi 0.31 ikiingia tumboni pamoja na kipande cha nguo chafu, daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kumwita padri. Kila mtu alilijua hilo, akiwemo aliyekuwa akitishwa. Mtutu mdogo ulikuwa na heshima ambayo sisi tunaopima nguvu kwa namba hatuioni.

Kasiba ameandika:

@Daktari_Mstaafu, hoja yako inanitikisa, lakini kifo cha baada ya siku nne hakimzuii mtu aliye mbele yako na kisu.

Daktari_Mstaafu ameandika:

Humzuia asianze, kijana wangu.

Ngalawa77 ameandika:

Si ndiyo bastola iliyomuua Abraham Lincoln?

Binti_Mvita ameandika:

Hapana. John Wilkes Booth alitumia bastola ya risasi moja ya Henry Deringer wa Philadelphia, tarehe 14 Aprili 1865. Ni ya fataki na ni ya mfukoni, lakini haina silinda. Ipo Washington, kwenye makumbusho ya ukumbi wa maonyesho wa Ford, uleule alimopigwa risasi Lincoln.

Ngalawa77 ameandika:

Shukrani. Basi hata Booth alichagua udogo. Kura moja kwa Kasiba.

Mlowezi_PA ameandika:

Kwa kuwa tumegusa matumizi halisi, tatizo kubwa kuliko moto wa kuruka lilikuwa mabaki ya fataki. Fataki ikilipuka hupasuka, na kipande chake huanguka ndani ya mtambo au hujikita nyuma ya silinda, kisha hakuna kinachozunguka. Kisa kinachojulikana kilitokea upande wetu wa dunia, Berbera, Aprili 1855, kambi ya mvumbuzi Mwingereza Richard Burton iliposhambuliwa usiku. Mwenzake John Speke alifyatua bastola yake akiwa karibu kabisa na washambuliaji, kisha silinda ikagoma kuzunguka, naye mwenyewe alidhani ni fataki iliyokwama. Alikamatwa, akachomwa mikuki mara nyingi, akanusurika. Mwenzao Stroyan aliuawa.

Kasiba ameandika:

Kisa ni cha kweli, ila bastola ile ilikuwa ya Adams ya Kiingereza, tena si ya mfukoni. Adams ni jamii nyingine. Fremu na mtutu vilifuliwa kuwa kipande kimoja, kwa hiyo kabari ya Fundi_Saa haipo, na ile ya 1851 haikuwa na sehemu ya kutega kwa kidole gumba: ulivuta kifyatulio tu, silinda ikazunguka na nyundo ikapiga. Mwaka 1856 Beaumont aliiongezea uwezo wa kutegwa kwa kidole gumba pia. Colt alifunga kiwanda chake cha London mwaka huohuo.

Chatu ameandika:

Na huku pwani zilifika hizi ndogo? Babu yangu aliacha gobore tu, nalo linatumika kushikilia mlango wa banda.

Mwalimu_wa_Zamu ameandika:

Zilizofika kwa wingi kupitia Zanzibar ni bunduki ndefu: za gumegume kwanza, kisha za fataki, nyingi zikiwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya. Rivolva ya mfukoni ilikuwa mali ya msafiri mmoja mmoja. Kwa biashara ya misafara haikuwa na soko, kwa sababu ilihitaji fataki za ukubwa maalumu, na fataki zikiisha bara hakuna mhunzi wa kukutengenezea. Gobore la gumegume unalitafutia jiwe. Liondoe mlangoni, tafadhali.

Fundi_Saa ameandika:

Naomba nirudishe suala la kubeba, maana bastola ya mfukoni hukaa mfukoni muda mwingi kuliko inavyofyatuliwa, na humo ndimo ubunifu wake hupimwa. Nyundo ikilala juu ya fataki na bastola ikianguka, inalipuka. Colt aliweka vijiti vidogo vya chuma nyuma ya silinda, kati ya chuchu na chuchu, na ncha ya nyundo ina mfuo mdogo unaokaa juu ya kijiti hicho. Kwa nadharia unaweza kujaza chemba zote tano na kutembea salama. Kwa vitendo, vijiti hivyo ni vidogo mno, na katika bastola nyingi za zamani vimelika hadi kuwa bapa, silinda inateleza yenyewe mfukoni. Watu wenye busara waliacha chemba moja tupu.

Hataza ilipokwisha 1857, kampuni ya Manhattan Firearms ilitengeneza bastola zinazofanana sana na za Colt, lakini ikaongeza mitai mingine kwenye silinda, ili kile kidude cha chini kiweze kuikaza hata ikiwa katikati ya chemba mbili. Kwangu mimi hiyo ni kazi bora kuliko ya Colt, tena kwa gharama ndogo, nami sielewi kwa nini Hartford hawakuiiga.

Mlowezi_PA ameandika:

Mwigaji akiigwa na mwigwaji, nani atamshtaki mwenzake?

Ngalawa77 ameandika:

Swali la mgeni: nimeona picha za zile zisizo na wenzo wa kushindilia, zinaitwa Wells Fargo. Zilijazwaje?

Kasiba ameandika:

Kwanza jina: hilo ni la wakusanyaji wa baadaye, kiwanda hakikulitumia. Ni 1849 yenye mtutu wa inchi 3 bila wenzo, mtoto wa ile ya 1848 inayoitwa Baby Dragoon, ambayo nyingi zake pia hazikuwa na wenzo. Ulitoa kabari, ukavuta mtutu, ukatoa silinda, kisha ukazishindilia risasi kwa ncha ya mhimili uliobaki kwenye fremu. Mwenye bastola hiyo alikuwa na risasi tano na basi. Hakuna aliyeijaza tena katikati ya ugomvi.

Mwana_Lubumbashi ameandika:

Na hilo linaimarisha hoja yangu ya sheria. Hapa Ulaya, Eugène Lefaucheux alikuwa na rivolva ya risasi za ganda tangu 1854. Unafungua kijilango, unaingiza ganda, umemaliza. Marekani ilibaki na kushindilia kwa sababu Rollin White, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt, alipata hataza mwaka 1855 ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, na Smith na Wesson wakaichukua kwa kumlipa senti 25 kwa kila bastola. Colt hakuweza kutengeneza rivolva ya ganda mpaka hataza hiyo iishe 1869. Mmarekani aliinunua ya fataki kwa kukosa nyingine.

Mwalimu_wa_Zamu ameandika:

Hakukosa. Smith na Wesson walianza kuuza ile yao ya inchi 0.22 mwaka 1857, yenye risasi saba, na ilipatikana. Alikuwa na chaguo, na wengi bado walichukua Colt. Ongeza pia kwamba mkataba ule ulimwachia White mwenyewe mzigo wa kuilinda hataza mahakamani, na alipoomba iongezwe muda, Rais Grant aliukataa muswada huo mwaka 1870.

Mlowezi_PA ameandika:

Mimi naona mnatafuta uchawi pasipo na mchawi. Ilitengenezwa kuanzia 1850 hadi 1873. Kitu kikikaa sokoni miaka 23, na vita kubwa ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikapita katikati, idadi itapanda tu.

Binti_Mvita ameandika:

Navy nayo ilitengenezwa kuanzia 1850 hadi 1873, na vita ileile ilipita katikati yake. Muda hautofautishi ndugu hawa wawili.

Daktari_Mstaafu ameandika:

Kwa mantiki hiyohiyo ya Binti_Mvita, hataza ya Mwana_Lubumbashi nayo inaanguka, kwa sababu ilizilinda zote mbili sawasawa. Hata mchoro unaanguka, maana Navy ina mchoro wa Ormsby pia, wa vita vya baharini vya Campeche vya 1843. Tunachotafuta ni kitu ambacho ndogo inacho na kubwa haina.

Kasiba ameandika:

Ambacho ni udogo. Nilisema tangu mwanzo.

Fundi_Saa ameandika:

Usishangilie mapema. Mwaka 1861 Hartford walitoa Police, bastola ya inchi 0.36 iliyojengwa juu ya fremu ileile ya 1849. Walipanua sehemu ya mbele ya silinda, wakaichonga mifereji nusu ili kupunguza uzito, na wakapata nguvu inayokaribia ya Navy katika mwili wa ile ya mfukoni. Baadaye ikafuata ya pili ya namna hiyo, yenye silinda isiyo na mifereji. Kama mnunuzi alitaka udogo tu, hapa aliupata pamoja na nguvu juu yake. Lakini hizo mbili kwa pamoja hazikufika 50,000, na hata ukihesabu kuanzia 1861 peke yake, ile ya 0.31 iliziacha mbali.

Kasiba ameandika:

Labda bei. Labda wauza duka walikuwa na risasi na fataki za ukubwa wa zamani rafuni na hawakutaka kuagiza nyingine.

Fundi_Saa ameandika:

Fataki zilikuwa zilezile, kaka. Ni risasi na kalibu ya kuisubu tu ndivyo vilivyobadilika.

Daktari_Mstaafu ameandika:

Au mnunuzi aliona 0.31 inamtosha, kama nilivyosema, mkanipita.